Kijana Akitaka Kuendesha Lori la Maji Taka

Vijana wengi katika vikundi vyetu wamejifunza udereva na sasa wanatafuta kazi. Kazi moja isiyogombaniwa ni ya lori la kunyonya vyoo, lile tunaloliita eksosta. Tusiidharau. Mahali pasipo na mabomba ya maji taka, lori hili hutukinga na kipindupindu na minyoo. Lakini kijana ajue mapema anaingia wapi.

Kwanza, uzito. Lita 1,000 za maji ni kilo 1,000, yaani tani moja. Basi tangi la lita 10,000 likijaa ni kama tani 10, bila kuhesabu lori lenyewe. Tena mzigo huu hautulii kama magunia ya mahindi. Ukikanyaga breki, uchafu unakimbia mbele na kulisukuma lori. Ukikata kona, unalalia upande mmoja. Tangi lililojaa nusu huyumba kuliko lililojaa kabisa. Kwa hivyo dereva apunguze mwendo kabla ya kufika kwenye kona, si akiwa tayari ndani yake.

Pili, kunyonya. Injini ya lori huzungusha pampu, pampu hutoa hewa ndani ya tangi, na uchafu hupanda kwa mpira. Wenye choo wakitupa matambara na mifuko ya plastiki shimoni, mpira unaziba, na wa kuzibua ni dereva na tanboi wake. Wavae glavu na gambuti. Wanawe kwa sabuni kabla ya kula. Tena wapate chanjo ya pepopunda na ya homa ya matumbo.

Tatu, na hapa tusikizane vizuri: hewa ya shimoni inaua. Hunuka kama yai bovu, lakini ikizidi, pua haiisikii tena. Nyingine hushika moto, kwa hivyo sigara ikae mbali. Mtu akianguka shimoni, mwenzake asimfuate. Wengi wamekufa wawili wawili hivyo, mmoja akijaribu kumwokoa mwingine. Waitwe watu wenye vifaa vya kupumulia.

Mwisho, kumwaga. Lori liwe na leseni ya NEMA ya kubeba taka, na uchafu upelekwe mahali paliporuhusiwa, penye mabwawa ya kusafisha maji taka. Iko siku dereva ataambiwa na tajiri wake, "Ni usiku, mwaga hapo mtoni, tuokoe mafuta." Akumbuke kwamba asubuhi kuna mama atachota maji hayo kule chini. Na akishikwa, yeye ndiye aliye kwenye usukani.

Tujadiliane kikundini: Choo chetu kikijaa, tunamwita nani? Je, tumewahi kumwuliza anapeleka wapi? Na tukipata mwenye bei nafuu sana, tunajua kwa nini ni nafuu?