BENKI YA AKIBA YA MTAA NA MTAJI WA MFANYA BIASHARA NDOGO

Katika Tiwi, kama ilivyo katika vijiji vingi vya pwani ya Kwale, fedha huja kwa majira. Upepo wa kaskazi ukivuma bahari hutulia, wavuvi hutoka, na mwanamke mwenye karai lake la kukaangia samaki hupata bidhaa na wateja pamoja. Lakini upepo wa kusi unapoingia, tangu kama mwezi wa Aprili, mawimbi huwa makubwa, vyombo hupandishwa mchangani, na karai lile lile hukaa kavu siku nyingi. Ndipo mtaji uliochumwa kwa miezi mingi huliwa kwa majuma machache, na majira mema yakirudi mwenyewe huanza tena kwa kukopa.

Wahenga walisema kwamba akiba haiozi. Ni kweli, lakini akiba iliyo katika kibubu huweza kuibiwa, na nyumba ya makuti ikishika moto noti huungua pamoja na paa. Tena fedha iliyo karibu na mkono haikosi mwenye kuiomba: leo ni harusi, kesho ni matanga. Kwa sababu hiyo yafaa kueleza benki ya akiba ya mtaa ni kitu gani, ilianzaje, na inaweza kumfaa nini mtu mwenye biashara ndogo.

ASILI YAKE

Benki za namna hii zilianza Ujerumani. Katika mwaka 1778 mji wa Hamburg ulipata chama cha akiba kwa ajili ya watumishi wa nyumbani, mafundi na vibarua, yaani watu ambao benki kubwa za siku zile hazikuwataka. Mwaka 1801 mji wa Göttingen ulifungua benki ya akiba iliyokuwa mali ya mji wenyewe. Hapo likapatikana jambo kubwa: benki haikuwa ya tajiri mmoja wala ya wenye hisa walio mbali, bali ya wenyeji, chini ya dhamana ya baraza la mji wao.

Benki hizo zilifuata kanuni ambayo hata leo ndiyo nguvu yake. Fedha inayokusanywa katika wilaya hukopeshwa katika wilaya hiyo hiyo. Fundi seremala anapoweka akiba yake, fedha ile humwezesha mwoka mikate wa mtaa wa pili kununua tanuri. Na mwoka mikate akistawi, huagiza meza kwa seremala. Fedha huzunguka pale pale ilipotoka jasho lake.

BENKI YA POSTA NA UPUNGUFU WAKE

Kenya ilipata Benki ya Akiba ya Posta mwaka 1910, na mwaka 1978 sheria iliifanya kuwa shirika la kujitegemea. Ilikuwa salama, na iliwafikia watu waliokuwa mbali na benki kubwa. Lakini kazi iliyoundiwa ilikuwa ni kupokea akiba, si kukopesha wenye biashara. Na sehemu kubwa ya akiba hizo ilitumiwa kuikopesha Serikali. Kwa hiyo shilingi ya mwuza madafu ililindwa vizuri, ila haikurudi kijijini kama mtaji. Mwenye kuweka alipata usalama, lakini jirani yake aliyehitaji nyavu hakupata kitu.

SWALI LA RIBA

Liko jambo jingine ambalo halina budi kusemwa wazi. Wenyeji wengi wa Tiwi ni Waislamu, nao hujiepusha na riba. Mtu wa namna hiyo hakatai akiba. Hukataa njia ambayo dini yake haiiruhusu. Si haki kumwita mtu huyo mjinga wa mambo ya fedha.

Swali hili lilikwisha kupata jibu mahali pengine. Mwaka 1963 mtaalamu wa Misri, Ahmad al-Najjar, ambaye alisoma Ujerumani na kuziona benki za akiba za kule, alifungua benki ya namna hiyo katika mji wa Mit Ghamr, katikati ya mashamba ya mto Nile. Alichukua utaratibu wa Kijerumani akaondoa riba. Mwenye kuweka akiba ya kawaida aliweza kuichukua alipotaka, na kama alikuwa na haja aliweza kukopeshwa kidogo bila nyongeza. Mwenye kutaka faida aliweka fedha yake katika hesabu ya biashara, akagawiwa faida iliyopatikana kweli. Wakulima na mafundi ambao hawakupata kuingia benki waliingia hiyo. Mwaka 1967 mpango ule uliwekwa chini ya benki kubwa za Serikali, na kazi yake ya kwanza ikaisha. Lakini ulikuwa umekwisha kuonyesha njia.

Maana ya kugawana faida ni hii. Chama cha akiba kinatoa shilingi 30,000 kununua nyavu, na mvuvi anatoa kazi yake. Wamepatana tangu mwanzo kugawana nusu kwa nusu. Baada ya kurudisha mtaji ikabaki faida ya shilingi 6,000, kila upande hupata 3,000. Ikitokea hasara isiyotokana na uzembe wala hila, mwenye mtaji hupoteza fedha na mvuvi hupoteza jasho lake. Basi chama hakina budi kumchagua mtu kwa uangalifu, na kuitazama kazi yake mara kwa mara.

LIWEZEKANALO TIWI

Si lazima kungoja jengo lenye kioo na bawabu. Watu 20 wakikutana kila juma, kila mmoja akiweka shilingi 200, hupata shilingi 4,000. Kwa majuma 26 jumla ni shilingi 104,000. Kiasi hicho chatosha kuwapa wenye biashara kadhaa sanduku la barafu, karai jipya au shehena ya makuti, na pia kubakiza kitu cha kuvukia kusi.

Mpango huu si upatu. Katika upatu fedha yote huchukuliwa na mmoja kwa zamu, na mwenye zamu ya mwisho hubaki na hofu kwamba wenzake hawatamlipa. Hapa fedha hubaki mfuko mmoja, na kila mtu ana hesabu yake. Vyama vingi vya vijijini hutumia sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu mbalimbali, hata asiwepo mmoja awezaye kulifungua peke yake. Fedha huhesabiwa mbele ya wote, na kila mwanachama ana daftari lake. Asiyejua kusoma na aje na mtoto wake wa shule asikie anavyosomewa.

Chama kikikua, watu kumi au zaidi waweza kuomba kuandikishwa kuwa chama cha ushirika. Lakini chama kitakacho kufanya kazi ya kupokea na kulipa fedha kama benki kinahitaji kibali, kwa sheria ya vyama vya akiba na mikopo ya mwaka 2008. Mwenye kuombwa fedha zake na aulize kwanza: Kibali kiko wapi? Nani hukagua hesabu? Stakabadhi yangu iko wapi? Anayekasirika kwa maswali hayo hafai kukabidhiwa hata shilingi moja.

Tangu mwaka 2007 simu ya mkononi imerahisisha kutuma na kuweka fedha, na mikopo nayo huja kwa kubonyeza. Ni msaada mkubwa, lakini simu haimjui mvuvi wala majira ya kusi. Siku ya kulipa ikifika hudai tu. Majirani waliokaa pamoja chini ya mwembe wanajua ni nani aliyepatwa na msiba wa kweli na ni nani anayejificha.

Wakati mzuri wa kuanza ni samaki wanapokuwa wengi. Mwenye kungoja kusi ndipo aanze kuweka akiba atakuta hana cha kuweka.