Ua la Kupendeza Macho, Jani la Kuingia Chunguni

Ndugu msomaji, huenda umehamia nyumba yenye uwanja mdogo, au umejenga mwenyewe kwa jasho la miaka mingi, na sasa wautazama mchanga mtupu unaochoma nyayo ukijiuliza: nipande nini hapa? Swali hilo ni jepesi kulitamka, bali kulijibu kwahitaji fikira. Mchicha uliooteshwa pasipofaa waweza kung'olewa leo na kusiwa kwingine kesho. Mti haufanyiwi hivyo. Mti uliokosewa mahali pake hukaa miaka mingi ukitikisa msingi wa nyumba na kuziba madirisha, na siku ya kuukata ni gharama nyingine juu ya mshahara ule ule. Kwa hiyo yafaa mtu achague kwanza, ndipo achukue jembe.

Wako wanaodhani kwamba bustani ni za namna mbili: ya maua kwa wenye nafasi, na ya mboga kwa wenye shida. Fikira hiyo haina asili kwetu. Katika nyumba za mwambao, asumini, mrehani na mlangilangi vilikaa ua mmoja na mdimu na mkomamanga. Mama aliyetoka kuchuma asumini za kikuba alichuma na ndimu ya kitoweo. Ni ukoloni uliotuonyesha, katika mitaa kama Oyster Bay iliyotengwa kwa ajili ya Wazungu, nyumba zilizozungukwa na nyasi za kutazamwa tu. Hata hivyo, bustani ya mimea iliyo karibu na Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam, ambayo Wajerumani waliianzisha mwaka 1893, ilianza kama mahali pa kujaribia mazao ya biashara kabla ya kujulikana kwa miti yake ya mapambo. Nalo Azimio la Iringa la mwaka 1972, Siasa ni Kilimo, lilihimiza kilimo kuwa kazi ya kuheshimiwa. Uzuri na chakula havina ugomvi.

MWULIZE MCHOTA MAJI

Mara nyingi baba ndiye achaguaye mti, na mama na watoto ndio wachotao maji ya kuunyweshea. Huo si uungwana. Kaeni pamoja mkubaliane: ni madumu mangapi yanayoweza kutengwa kwa siku, nani atanywesha, na nyumba hula nini. Haifai kupanda mboga ambayo hakuna mtu nyumbani aipendaye.

Kisha utazame uwanja wenyewe. Jua la alasiri hupiga ukuta gani? Maji ya mvua hutuama wapi? Udongo wa sehemu nyingi za Dar es Salaam ni mchanga usioshika maji; bila samadi iliyooza vizuri au mboji, hata mche ulio bora utadhoofika. Samadi mbichi ya kuku huunguza mizizi, basi iache ioze kwanza. Ukishapanda, funika shina kwa matandazo ya majani makavu, nawe utaokoa maji mengi.

KALENDA YA SUFURIA

Panga mimea yako kwa muda wa mavuno, ili uwanja usikae ukisubiri. Mchicha huchumwa baada ya wiki tatu au nne tu. Matembele, ukisha kuyachomeka, hutambaa na kufunika ardhi kwa kijani kizuri kuliko nyasi, nayo huendelea kuchumwa miezi mingi. Bamia huanza kuzaa katika muda wa miezi miwili hivi, na ua lake la manjano lenye kitovu cheusi halishindwi na maua mengi ya kununuliwa. Choya, yenye mashina na vikombe vyekundu, ni pambo la njia ya kuingilia nyumbani, tena ni kinywaji na ni mboga. Mpilipili wenye matunda mekundu na mchaichai uliopandwa safu kando ya njia hufanya kazi ile ile.

Mpapai waweza kuzaa kabla mwaka wa pili haujafika mbali. Kwa kuwa ipo mipapai dume isiyozaa, panda miche mitatu katika shimo moja, subiri ichanue, kisha ubakize ule utakaozaa. Kwa uzio, pasheni hutambaa juu ya seng'enge ikatoa kivuli, ua la ajabu na tunda. Mkomamanga nao huvumilia ukame, hauwi mkubwa mno, na maua yake mekundu hupamba mlango.

Mwembe na mchungwa ni akiba ya baadaye. Nunua miche ya kubebesha, kwa maana huzaa mapema kuliko ile iliyotokana na kokwa, tena utajua aina ya tunda utakalolipata. Mchumia juani, hulia kivulini. Lakini kivuli hicho kisiwe juu ya paa. Uweke mwembe mbali na nyumba na mbali na shimo la maji machafu. Mkrismasi, ambao hupendeza kwa wekundu wake mwishoni mwa mwaka, una mizizi inayotambaa juu juu na kuinua sakafu, basi nao uwe mbali. Mnazi usiupande mahali wanapocheza watoto wala penye njia: dafu moja likianguka lina uzito wa kuua.

MAUA YENYE SUMU

Hapa, ndugu msomaji, nakuomba usome polepole. Mnyaa hupandwa sana kuwa uzio, kwa kuwa huota upesi na mbuzi hawaugusi. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni huleta maumivu makali na waweza kudhuru uwezo wa kuona. Oleanda, kichaka chenye majani membamba marefu na maua ya rangi ya waridi, ina sumu tangu mzizi hadi ua, na sumu hiyo hushambulia moyo. Mbegu za mbarika zina madoa mazuri ambayo mtoto huyaona kama shanga. Akizitafuna ni hatari ya kifo. Hata lile jani pana lenye mabaka meupe linalowekwa sebuleni katika chungu, mtoto akilitafuna, humvimbisha ulimi na koo. Nyumba yenye mtoto atambaaye haina haja ya mapambo hayo. Bogonvilia, asumini na waridi zinatosha. Miiba ya bogonvilia huuma, lakini humfundisha mtoto mara moja tu.

Jihadhari pia na maji. Migomba hustawi inaponyweshwa maji ya bafuni, nayo huyakausha yasituame. Lakini maji hayo usiyanyunyizie mchicha wala mboga yoyote ya majani. Visahani vya vyungu, makopo na matairi yaliyotuamisha maji ni mazalio ya mbu waenezao homa ya dengi, ambayo ililipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Mwaga maji hayo kila wiki bila kukosa.

WAKAAO GHOROFANI

Asiye na uwanja asivunjike moyo. Ndoo iliyopasuka au gunia lililojazwa udongo na samadi hutosha kwa mrehani, pilipili, kotimiri na mchicha. Toboa chini ili maji yapenye, na usitumie kopo lililowahi kuwa na rangi au dawa ya wadudu. Wadudu wakivamia, mbegu za mwarobaini zilizotwangwa, zikalowekwa usiku kucha na maji yake kuchujwa, huwapunguza sana.

Usijaribu kupanda vyote kwa siku moja. Anza na tuta moja la mboga, mti mmoja wa matunda na ua moja ambalo nyumba nzima yalipenda. Mengine yafuate mvua za vuli au masika. Miti ya kudumu ipande mwanzoni mwa masika, mwezi Machi, ili mvua ikusaidie kuinywesha. Na watoto wapewe kila mmoja mche wake wa kuutunza: atakayeuona mpapai wake ukizaa, hatahitaji kuhimizwa kulima.