Samaki hai pekee hamtoshi oska

MTU anayenunua oska kwa ajili ya tangi la kioo nyumbani, jambo analolisubiri kwa hamu ni kumwona akimkimbiza samaki mdogo na kummeza mzima mzima. Wengi huamini kuwa chakula kilicho hai ndicho bora kuliko vyote.

Imani hiyo inaweza kumtia mfugaji hasara.

Ni kweli kwamba samaki mzima ana lishe. Sehemu kubwa ya mwili wake ni maji, lakini kinachobaki ni protini kwa wingi, mafuta, na madini yaliyomo kwenye mifupa. Tatizo ni aina ya samaki huyo na jinsi alivyotunzwa.

Samaki wa dhahabu, ambao hutumika sana kwa kazi hii kwa sababu wadogo wao huuzwa kwa bei ndogo, ni wa jamii ya karpu. Mwilini wana kimeng'enya kiitwacho thiaminasi, ambacho huharibu vitamini B1. Oska anayelishwa samaki hao tu kwa muda mrefu huweza kupungukiwa na vitamini hiyo, akakataa chakula, akayumba majini na hatimaye kufa.

Madhara hayo yalionekana nchini Marekani mwaka 1932, katika shamba la J. S. Chastek jimboni Minnesota. Mbweha waliofugwa kwa ajili ya manyoya walilishwa karpu wabichi, wakapooza na kufa. Ugonjwa huo ukapewa jina la mwenye shamba.

Kuwagandisha samaki kwenye friji hakusaidii. Kinachoharibu kimeng'enya hicho ni joto la kupika.

Njaa na magonjwa

Aidha, samaki wa kulishia mara nyingi hurundikwa kwenye tangi moja na kukaa siku kadhaa bila kulishwa vizuri. Anayedhoofika kwa njaa hupungukiwa mafuta na virutubisho, na tumbo lake huwa tupu. Oska humeza, lakini hafaidiki sana.

Msongamano huo pia hueneza magonjwa, yakiwamo ya madoa meupe na minyoo. Samaki mmoja wa bei ya chini anaweza kuambukiza tangi zima.

La kufanya

Mfugaji anayetaka kutumia samaki hai ni vema azalishe wake mwenyewe. Gapi wanafaa kwa kuwa si wa jamii ya karpu, na jike huweza kuzaa takriban kila mwezi, mara nyingi vifaranga 20 au zaidi. Walishwe vizuri kabla ya kutolewa, kwani kilichomo tumboni mwao nacho huliwa na oska.

Wanaonunuliwa watengwe kwenye tangi lao kwa wiki mbili hadi nne, ili wenye ugonjwa wajulikane mapema.

Hata hivyo, samaki hai wabaki kuwa nyongeza. Katika mito ya bonde la Amazon, oska hula pia wadudu, kamba na konokono. Nyumbani, chakula cha vidonge kilichoongezwa vitamini ndicho kiwe cha kila siku, huku kamba na wadudu wakitolewa kwa zamu.

Oska huweza kuishi zaidi ya miaka 10. Anayepunguza gharama kwa kumlisha samaki wa dhahabu peke yao huenda akalazimika kununua oska mwingine mapema.