Yeremia 29:11 ni tamu, lakini umewahi kusoma aya ya 10?

KUNA aya moja ya Biblia ambayo ukiishi Nairobi, Nakuru au Mombasa huwezi kuikwepa. Iko kwenye stika za matatu, kwenye tisheti za makongamano ya vijana, kwenye kadi za mahafali, na kila Januari mosi inajaa kwenye stetasi za WhatsApp. Ni Yeremia 29:11, ile ambayo Mungu anawahakikishia watu wake kwamba ana mipango ya kuwafaa, si ya kuwaumiza, na kwamba wana kesho ya kutumainia.

Ni aya tamu na hakuna ubaya kuipenda. Kijana aliyemaliza chuo miaka mitatu iliyopita, ambaye bado anatarmaki na bahasha ya vyeti mkononi huku mkopo wa HELB ukimsubiri, anahitaji neno la kumwinua asubuhi. Shida ni kwamba wengi wetu tumeing'oa aya hiyo kutoka kwenye barua iliyoibeba. Ndiyo, ni sehemu ya barua, na barua yenyewe ina aya ya 10. Hiyo ya 10 huioni kwenye stika yoyote, kwa sababu inasema kungoja kwenyewe ni kwa miaka 70.

Sabini! Hebu piga hesabu. Kama uliisikia barua hiyo ikisomwa ukiwa na umri wa miaka 22, ahadi ingetimia ukiwa na 92. Yaani wengi wa waliopewa neno hilo la tumaini walijua siku hiyo hiyo kwamba watazikwa ugenini. Ukiisoma aya ya 11 ukiwa umejua hilo, inabadilika. Haipotezi utamu, ila inaacha kuwa tikiti ya bahati nasibu.

Walioandikiwa walikuwa nani?

Mwaka wa 597 KK, Mfalme Nebukadneza wa Babeli aliuzingira mji wa Yerusalemu akaondoka na mateka. Hakubeba ovyo ovyo. Kitabu cha 2 Wafalme, sura ya 24, kinaeleza kwamba alimchukua mfalme, wakuu, wanajeshi, mafundi na wahunzi, akawaacha maskini wa nchi. Mfalme mwenyewe, Yehoyakini, alikuwa na miaka 18 na alikuwa amekikalia kiti kwa miezi mitatu tu.

Kwa lugha ya leo, waliobebwa ni watu wenye ujuzi, watu waliokuwa na mipango yao. Ghafla wakajikuta katika nchi ya wenyewe, lugha hawaielewi, kazi si za kuchagua, na hakuna anayejua watarudi lini.

Sisi hatujatekwa na jeshi lolote, lakini hiyo hali ya kutojua tunaijua. Wapo waliosomea uhandisi na sasa wanaendesha bodaboda. Wapo waliovuka bahari kwenda Saudia na Qatar kufanya kazi za nyumbani na za ulinzi, cheti kikibaki kwenye sanduku la mama. Na ni katika nyakati kama hizi ambapo soko la unabii huchangamka.

Nabii wa miaka miwili

Rudi nyuma sura moja, Yeremia 28. Kulikuwa na nabii aitwaye Hanania. Alisimama hekaluni mbele ya umati akatangaza kwamba ndani ya miaka miwili Mungu atavunja nguvu za Babeli, mateka watarudi na vyombo vya hekalu vitarejeshwa. Yeremia alikuwa pale, amevaa nira ya mbao shingoni kuwa ishara kwamba utawala wa Babeli bado upo sana. Hanania akaichukua nira hiyo akaivunja mbele ya watu. Leo hiyo video ingekuwa imezunguka TikTok kabla ya jua kutua.

Jibu la kwanza la Yeremia linashangaza. Alisema Amina. Alitamani Mungu afanye hivyo kweli. Hakuwa mtu wa kupenda habari mbaya. Ila akaongeza kwamba nabii anayetabiri amani atajulikana neno lake likitimia. Baadaye alirudi kumwambia Hanania wazi kwamba amewafanya watu waamini uongo. Hanania alifariki mwaka huo huo. Miaka miwili ikapita na mateka hawakurudi. Badala yake, mnamo 586 KK, Yerusalemu yenyewe ikateketezwa.

Akina Hanania hawajaisha. Utawasikia redioni usiku wa manane: kabla mwezi huu haujaisha kazi itakuja, visa itatoka, wewe panda mbegu tu kwa nambari hii. Na kijana anatuma pesa za kodi ya nyumba. Kazi isipokuja, anaambiwa imani yake ilikuwa ndogo, kwa hivyo anapoteza pesa na bado anabebeshwa lawama.

Mwaka wa 2023 Kenya iliona mahali ambapo utiifu usiouliza maswali unaweza kufikisha watu. Katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, mingi ikiaminika kuwa ya waumini walioambiwa wafunge kula hadi wafe ili wakutane na Yesu. Si kila mhubiri wa ahadi za haraka ni wa aina hiyo, la. Lakini maswali ya kujiuliza ni yale yale. Je, huyu mtu amekupa tarehe? Je, anafaidika wewe ukiiamini? Na tarehe ikipita, ni nani atakayelaumiwa?

Fungua begi

Sasa turudi kwenye barua. Kabla ya aya ya 10 na ya 11, Yeremia anawapa mateka kazi ya kufanya. Wajenge nyumba na kukaa ndani yake. Walime bustani na kula mazao yake. Waoe, waolewe, wazae, wasipungue. Wautafutie amani mji ule walikopelekwa na kuuombea, kwa sababu mji ukiwa salama nao watakuwa salama.

Barua hiyo haikupendwa na wote. Mmoja wa waliokuwa Babeli, Shemaya, aliandika kwenda Yerusalemu akiuliza mbona Yeremia bado hajatiwa mbaroni.

Unaelewa kwa nini alikasirika. Wengi walikuwa wanaishi na begi mlangoni. Kwani mtu anayeondoka wiki ijayo atapanda bustani ya nini? Na sisi tuko hivyo hivyo. Nikipata kazi ndipo nitaanza kuweka akiba. Nikihama mtaa huu ndipo nitajuana na majirani. Mambo yakinyooka ndipo nitamtumikia Mungu. Maisha yote yamewekwa kwenye chumba cha kusubiri.

Kufungua begi hakumaanishi kuua ndoto. Mwenye diploma anayeuza smoki pasua kando ya stejini anaweza kuendelea kutuma maombi ya kazi. Lakini leo, hiyo meza ya smoki ndiyo bustani yake. Aweke hesabu zake kwa daftari, awajue wateja wake kwa majina, atenge kidogo kwa chama, awe mwaminifu kwa chenji. Mungu wa barua hii hakusema atakutana nao wakisharudi Yerusalemu. Aliwaandikia wakiwa Babeli, na akawaambia waombe huko huko atawasikia.

Amani ya mji

Muulize mtu wa Nairobi anatoka wapi. Hata kama amezaliwa Pumwani, wengi watakutajia Siaya, Kakamega, Kitui au Murang'a. Mji ni wa kutafuta, nyumbani ni ocha. Ndiyo maana mtaro ukiziba tunauruka, taka zikirundikana tunaziba pua. Si kwetu hapa!

Barua inawaambia mateka waombee mji uliowateka. Fikiria ugumu wake: kuombea heri watu waliobomoa kwenu. Na haisemi waombe tu. Inasema pia watafute. Maombi na jasho vimewekwa pamoja.

Mwaka wa 2024 tuliona vijana wakijaza barabara kupinga Mswada wa Fedha, na wengine wao wakaugeukia uongozi wa makanisa kuuliza kwa nini wanasiasa wanapewa madhabahu. Unaweza kukubaliana nao au usikubaliane, lakini swali lao lilikuwa la watu wanaojali mji. Kuombea Kenya hakukuzuii kuhudhuria kikao cha maoni ya umma kuhusu bajeti ya kaunti yako, kujiandikisha kupiga kura ya 2027, au kuwakusanya vijana wa ploti Jumamosi moja mzibue huo mtaro.

Danieli na wenzake watatu, waliopelekwa Babeli wakiwa vijana, wanatuonyesha jinsi ya kuishi mjini bila kumezwa nao. Walisoma lugha na elimu ya Wakaldayo kwa miaka mitatu. Walipewa majina mapya, Danieli akaitwa Belteshaza. Kazi ya serikali waliifanya, tena vizuri. Lakini kwenye chakula cha mfalme waliweka mpaka. Na hakuna aliyepiga kelele: Danieli aliomba kwa heshima, akapendekeza wajaribiwe kwa siku 10 kwa mboga na maji, kisha walinganishwe na wengine. Ukiwa kazini na bosi anataka utie sahihi kwenye risiti hewa, hapo ndipo pa kukumbuka kisa hiki. Unaweza kukataa bila matusi, na ukaja na njia mbadala mkononi.

Ahadi ya wengi

Kuna jambo moja ambalo Kiswahili kinaliweka wazi na Kiingereza kinalificha. Aya ya 11 ukiisoma kwa Kiingereza, unaweza kudhani Mungu anakuhutubia wewe pekee yako. Ifungue kwa Kiswahili uone: ni ninyi, wala si wewe. Ahadi ilitolewa kwa kundi zima, wazee na watoto, walio na kazi na wasio nayo.

Hapo mambo yanabadilika kabisa. Huenda sehemu yako katika ahadi ni kumlipia mdogo wako karo ili yeye afike usikofika. Huenda kesho nzuri ya rafiki yako asiye na kazi ni kile kitanda cha ziada kwenye bedsita yako kwa miezi miwili. Kama kanisa lenu lina kundi la vijana, muulizane: kati yetu nani hajalipa kodi mwezi huu? Nani hajaonekana wiki tatu, na kuna aliyempigia simu?

Shamba la Anathothi

Yeremia mwenyewe aliyafuata aliyoyaandika. Katika sura ya 32, Yerusalemu imezingirwa na yeye amefungiwa katika ua wa walinzi. Binamu yake Hanameli anakuja kumuuzia shamba lililoko Anathothi. Nani hununua shamba wakati wa vita, akiwa kifungoni? Yeremia alinunua, akitii neno la Mungu, kuwa ishara kwamba ipo siku nyumba na mashamba vitanunuliwa tena katika nchi ile.

Angalia alivyonunua. Alilipa shekeli 17 za fedha, akazipima kwa mizani. Aliweka mashahidi. Aliandika hati, moja ikatiwa muhuri na nyingine ikaachwa wazi, kisha akamwambia Baruku aziweke katika chombo cha udongo zisiharibike. Hata nabii aliyesikia kutoka kwa Mungu alitaka makaratasi! Kwa hivyo ukiambiwa ununue ploti kwa imani bila kwenda kuikagua katika ofisi ya ardhi, jua hiyo imani si ya Yeremia.

Biblia haisemi kwamba aliwahi kulilima shamba hilo. Baadaye alipelekwa Misri, na hatusomi kwamba alirudi. Alilipia kesho ya watu wengine.

Kesho hiyo ilifika. Mnamo 539 KK, Koreshi wa Uajemi aliiteka Babeli, na Wayahudi wakaruhusiwa kurudi. Kitabu cha Ezra, sura ya 3, kinasimulia siku walipoweka msingi wa hekalu jipya. Wazee waliolikumbuka la kwanza walilia kwa sauti, wengine wakapiga vigelegele vya furaha, hata ikawa vigumu kutofautisha kilio na shangwe. Wengi waliosimama pale hawakuwa wameiona Yerusalemu kabla ya safari hiyo. Walizaliwa Babeli, katika nyumba zilizojengwa na watu waliokubali kufungua begi.

Kwa hivyo stika hiyo usiibandue. Ila leo jioni, kabla ya kulala, fungua sura yote ya 29 uisome tangu aya ya kwanza, ikiwezekana na mtu wa pili. Kisha mkubaliane ni bustani gani mtaanza kulima wiki hii.