Bajeti ya Msuya iliyojaza maduka

MFANYABIASHARA wa Same anayeuza nguo na sabuni za kutoka nje huenda hajui kuwa njia ya bidhaa hizo ilifunguliwa na bajeti iliyosomwa na mtoto wa milima hii ya Upare.

Huyo ni Cleopa Msuya, aliyezaliwa Usangi mwaka 1931, akasoma Makerere na kuanza kazi kama ofisa maendeleo ya jamii. Alikuwa Waziri Mkuu mara mbili, 1980 hadi 1983 na 1994 hadi 1995, na mbunge wa Mwanga hadi mwaka 2000. Alifariki Mei 2025.

Kwa mkulima na mchuuzi, kazi yake kubwa ni bajeti ya Juni 1984, akiwa Waziri wa Fedha. Maduka yalikuwa matupu, sabuni ikipatikana kwa foleni. Serikali ikaruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa bila kuulizwa alikozipata. Bei za mazao nazo zikapandishwa.

Dawa hiyo ilikuwa chungu. Shilingi ilishushwa kutoka takriban 12 hadi 17 kwa dola moja, na ruzuku ya sembe ikaondolewa. Shilingi ikishuka, mbolea na dawa za mimea zinazotoka nje hupanda bei.

Funzo lipo hadi leo. Mkulima wa tangawizi wa Mamba au wa mpunga wa Ndungu asishangilie bei ya gunia kabla ya kutoa gharama za pembejeo, vibarua na usafiri. Kinachobaki ndicho faida.