Redio au TV imekukera? Hapa ndipo malalamishi yako hupelekwa Kenya

Saa moja asubuhi, matatu imejaa. Viti vya nyuma ni watoto wa shule, na redioni mtangazaji anachambua mambo ya chumbani ya mtu aliyepiga simu. Mmoja anacheka, mwingine anaguna, makanga anajifanya hajasikia. Wengi tukishuka tunaandika hasira zetu mtandaoni, halafu basi, yameisha.

Kumbe sheria inakupa nafasi ya kulalamika rasmi, na si lazima uwe wakili. Shida ni kwamba milango ya kubisha ni zaidi ya mmoja, na ukibisha usiokufaa utazungushwa bure.

Mlango unaojulikana zaidi ni Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, yaani CA. Hao ndio wanaotoa leseni za redio na runinga na kugawa masafa. Wanaongozwa na Sheria ya Habari na Mawasiliano ya 1998, ambayo imefanyiwa marekebisho mara kadhaa, yale makubwa yakiwa ya 2013. Pia wana mwongozo wa vipindi, uliotolewa 2016, ambao kila kituo kinapaswa kuufuata.

Ndani ya huo mwongozo kuna kanuni moja ambayo kila mzazi anafaa kuijua: kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku, kituo hakiruhusiwi kupeperusha mambo ya watu wazima. Sasa rudi kwenye ile matatu. Saa moja asubuhi iko katikati kabisa ya muda huo. Kwa hiyo abiria anayeguna ana hoja ya kisheria mkononi, ingawa huenda hajui.

Mwongozo unagusa mengine pia: lugha ya chuki na uchochezi, habari zisizo sahihi, matangazo ya biashara yanayowalenga watoto, na heshima kwa watu wanaotajwa hewani. Hata kiwango cha vipindi vya hapa nyumbani kimo, asilimia 40 bila kuhesabu habari na matangazo ya biashara.

Je, kweli kuna kituo kimewahi kuadhibiwa?

Ndiyo, na kesi inayokumbukwa zaidi ni ya Machi 2021. Watangazaji wa kipindi cha asubuhi cha Homeboyz Radio walizungumzia mwanamke aliyedaiwa kusukumwa kutoka ghorofa ya 12 ya jengo moja jijini Nairobi baada ya kumkataa mwanamume. Badala ya kuuliza aliyefanya kitendo hicho ana akili gani, mazungumzo yakageuka kuwalaumu wanawake, eti wanajirahisisha mno. Mwanamke mwenyewe wakati huo alikuwa anauguza majeraha.

Wasikilizaji waliwaka. Kampuni ya bia ya EABL ikaondoa matangazo yake kwenye kituo. Watangazaji watatu wakasimamishwa, kisha wakafutwa kazi. CA nayo ikasema mwongozo wa vipindi umevunjwa, ikakitoza kituo faini ya shilingi milioni 1 na kukisimamisha kipindi hicho kwa miezi sita.

Tuseme ukweli, katika kesi hiyo mambo yalikwenda mbio kwa sababu nchi nzima ilikuwa inapiga kelele na pesa za matangazo zilikuwa zinatoroka. Malalamishi ya msikilizaji mmoja wa Kakamega au Voi hayana kasi hiyo. Ndiyo maana namna unavyoyaandika ina uzito kuliko unavyofikiria.

Anza na kituo chenyewe

Hapa ndipo wengi hukosea. Sheria inakitaka kila kituo kiwe na utaratibu wake wa kupokea na kushughulikia malalamishi, na kuwaeleza wasikilizaji kwamba utaratibu huo upo. Kwa hiyo CA ikipokea barua yako, swali la kwanza la kutarajia ni hili: kituo kilikujibu nini? Kama hujawahi kukiandikia, jiandae kurudishwa huko kwanza.

Kiandikie. Baruapepe inatosha, na ni afadhali kuliko simu kwa sababu inaacha alama. Taja jina la kituo, jina la kipindi, tarehe na saa. Saa, tafadhali. "Juzi asubuhi" haimsaidii mtu yeyote kutafuta sehemu hiyo kwenye rekodi ya masaa mengi. Eleza kilichosemwa kadiri unavyokumbuka, bila kuongeza chumvi, kisha sema unataka nini: kuombwa radhi hewani, kusahihishwa kwa habari, au kipindi kusogezwa hadi usiku.

Kama una klipu kwenye simu, itunze. Ila usikate sehemu moja tu inayokufaa. Anayesikiliza malalamishi atataka kujua kilichosemwa kabla na baada, kwa sababu neno likiwa ndani ya mchezo wa kuigiza saa tano usiku si sawa na neno hilohilo asubuhi watoto wakiwa macho.

Kituo kikinyamaza au kikikupa jibu la kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, sasa nenda CA ukiwa na nakala ya yote mliyoandikiana. CA inaweza kukitaka kituo kijieleze, kukionya, kukitoza faini, kusimamisha kipindi na, mambo yakizidi, kugusa leseni yenyewe. Kituo kikiona kimeonewa, kinaweza kukata rufaa kwenye Jopo la Rufaa za Mawasiliano na Habari, ambalo si sehemu ya CA.

Kama ni wewe uliyetajwa hewani

Hapa mlango unabadilika. Tuseme habari za saa moja usiku zimekuonyesha kama mshukiwa wa wizi na hukuulizwa lolote, au mwanahabari ameweka wazi jina la mtoto aliyedhulumiwa. Hayo ni maadili ya uanahabari, na kazi hiyo ni ya Baraza la Vyombo vya Habari, MCK. Ndani yake kuna Tume ya Malalamishi, iliyowekwa na Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013.

Tume hiyo husikiliza pande zote mbili. Inaweza kuagiza habari isahihishwe au uombwe radhi, na pia kutoza faini: hadi shilingi 500,000 kwa kampuni na hadi 100,000 kwa mwanahabari mwenyewe.

Lile Jopo nililolitaja juu pia linaweza kupokea lalamiko dhidi ya mwanahabari au kampuni ya habari, na meno yake ni makali zaidi: hadi shilingi milioni 20 kwa kampuni na 500,000 kwa mwanahabari. Viwango hivyo vilipopitishwa 2013 wanahabari walipinga vikali, wakisema kituo kidogo cha mashinani kinaweza kufungwa na hukumu moja tu. Hofu hiyo haikuwa ya bure. Faini ambayo kampuni kubwa ya Nairobi inailipa kwa kuuma meno inaweza kumaliza kabisa redio ya jamii.

Swali gumu

Kuna kitu kinachowafanya watu wasite kuipelekea CA lalamiko lolote. Mamlaka hii inayosikiliza kilio chako kuhusu lugha chafu ndiyo hiyohiyo yenye uwezo wa kuzima mitambo.

Januari 30, 2018, Raila Odinga alipojiapisha katika bustani ya Uhuru Park, Citizen, NTV na KTN zilizimwa. Mahakama Kuu iliagiza zirudishwe, lakini siku zilipita kabla ya picha kurejea. Juni 25, 2025, vijana wakiwa barabarani, CA iliagiza vituo viache kupeperusha maandamano moja kwa moja, na baadhi vikazimwa. Siku hiyohiyo Mahakama Kuu ikasimamisha agizo hilo.

Hakuna msikilizaji wa kawaida aliyeomba hayo. Katiba, kifungu cha 34, inalinda uhuru wa vyombo vya habari na inaizuia serikali kuingilia watangazaji. Kuna tofauti kubwa kati ya kukiadhibu kituo kwa kitu mahususi kilichosemwa, baada ya kukipa nafasi ya kujitetea, na kukizima kwa sababu kinaonyesha kinachotokea mtaani. La kwanza ni kazi ya msimamizi. La pili, kwa maoni yangu, ni kutumia mamlaka ya msimamizi kufanya kazi ya mtu mwingine.

Hilo lisikufanye unyamaze kuhusu kipindi cha asubuhi, lakini likufanye uwe mwangalifu na unachoomba. Ukiandika "fungeni hiki kituo" kwa sababu tu hupendi siasa zake, hujalalamikia kosa lolote la mwongozo. Lalamikia kipindi, dakika na maneno.

Na kama tatizo lako si maneno bali picha inayokwama, au king'amuzi ulicholipia kimegoma, hiyo ni safari nyingine: anza na kampuni ya king'amuzi, uchukue namba ya lalamiko lako, kisha wakikuzungusha uipeleke CA kwa anwani yao ya malalamishi ya wateja, inayobeba jina la Chukua Hatua. Bila hiyo namba, huna cha kuonyesha kwamba uliwahi kulalamika.