Fahamu: Mzazi akija Kanada, apewe ukaazi au viza ya wageni?

Kwa watoto walioko Kanada, kumleta mama au baba aliyezeeka kuna njia mbili kuu, na tofauti yake ni kubwa.

Ukaazi wa kudumu humpa mzazi matibabu ya serikali ya jimbo na haki ya kufanya kazi. Tatizo ni kuupata: walioalikwa kuomba mwaka 2024 na 2025 walitoka kwa waliojiandikisha 2020. Mtoto naye hujifunga kumtunza mzazi kwa miaka 20, isipokuwa Quebec, ambako ni 10. Tena mkaazi sharti awe nchini siku 730 katika kila miaka 5. Kwa bibi mwenye shamba na ng'ombe Nyeri, hilo si jambo dogo.

Viza maalumu ya wazazi haina foleni hiyo. Tangu Julai 2022, humruhusu mgeni kukaa hadi miaka 5 mfululizo.

Lakini matibabu ni mzigo wa familia: bima binafsi ya angalau dola 100,000. Hapa pasomwe kwa makini sana. Bima nyingi hazilipii ugonjwa wa zamani ambao haujatulia, na presha iliyobadilishiwa dawa majuzi yaweza kuhesabiwa hivyo. Wakala aulizwe kabla ya tiketi kukatwa, na ajibu kwa maandishi.